Chumba Namba Moja cha Phanice Nasambu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Aliye uani mwiteni, na chungu kikichemka kipunguzieni moto. Leo tunamkumbuka mpiga gitaa.

Jina lake ni Phanice Nasambu. Kawangware mlimwita Mama Lavender. Kibera mlimwita yule mama wa gitaa. Phanice Nasambu alituacha Alhamisi iliyopita, baada ya kuugua homa ya mapafu kwa muda mfupi. Ameacha mume, Bwana Walubengo, fundi seremala, na binti mmoja, Lavender.

Phanice alizaliwa karibu na Kimilili, kule Bungoma. Alisoma hadi kidato cha pili, kisha akaja Nairobi kukaa na shangazi yake Mashimoni, Kibera. Alikuwa msichana wa maneno machache. Jumamosi moja alisikia gitaa likilia upande wa Makina, nyuma ya Soko la Toi. Akaifuata ile sauti hadi kwenye harusi ya Wanubi, akasimama nje ya ua, uso kwenye mwanya wa mabati.

Aliyekuwa akipiga ni Mzee Murjan. Wakongwe wa Makina mnamkumbuka Mzee Murjan na kofia yake nyeupe. Alimwona yule msichana, akaacha kupiga.

"Wewe binti, unatazama mkono wangu gani?"

"Wa kushoto."

"Basi ingia ndani. Hawa wengine wote wanatazama viatu vyangu."

Hivyo ndivyo Phanice alivyopata mwalimu. Alijifunza kwa kuutazama ule mkono wa kushoto. Ukumbukeni mkono huo, wasikilizaji wapendwa. Tutaurudia.

Miaka ikapita. Phanice akaolewa na Walubengo, wakahamia Kawangware. Akawa mpiga gitaa wa kwaya ya kanisa, na kwenye harusi pia akaitwa. Wanaume wa kwaya walimtania, "Mama, hiyo gitaa si ni nzito? Tukubebee?" Naye akawajibu, "Nibebeeni sauti ya tatu kwanza. Hiyo ndiyo imewashinda."

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba, mgeni mmoja aliyekuwa akijitolea kufundisha muziki kanisani alirudi kwao ng'ambo. Akamwachia Phanice chombo ambacho wengi wetu hatukuwa tumekiona. Phanice alikiita sanduku la sauti. Kilikuwa na ukubwa wa mkate. Unachomeka gitaa, na sanduku linaiga amplifaya yoyote, kubwa kwa ndogo, ya zamani kwa ya kisasa. Kila sauti ina mahali pake pa kuhifadhiwa, na kila mahali pana namba. Namba inawaka nyekundu kwenye kidirisha. Hakuna jina. Ni namba tu.

Shida ni moja. Sanduku lilikuja limejaa. Nafasi zote zilikuwa na sauti za watu wa huko. Akitaka kuweka yake, lazima afute moja kwanza.

Sasa sisi wa Nairobi tunaijua ploti. Vyumba vimepangwa mstari mmoja, kila mlango na namba yake. Phanice alilitazama lile sanduku akaona ploti. Nafasi akaziita vyumba. Sauti akaziita wapangaji. Na kufuta akakuita kung'oa mlango, kama afanyavyo mwenye nyumba aliyechoka kudai kodi.

Bwana Walubengo anatusimulia. "Nikirudi kutoka kazini namuuliza, Mama Lavender, leo nani anang'olewa mlango? Ananiambia, namba kumi na tisa, analia kama bati linalokokotwa kwa lami. Nasema, mpe notisi. Anasema, nilimpa jana, ni kiziwi."

Walicheka hivyo. Lakini mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane akaingia mpangaji ambaye si wa kuchezewa.

Mzee Murjan alikuwa na amplifaya yake kuukuu. Umeme ulikuja kwa nguvu siku moja, ikaungua. Mzee aliomboleza ile amplifaya kama ndugu. Phanice akampelekea sanduku Makina. Yeye akapiga, na Mzee akazungusha vifundo vya sanduku vya kurekebisha sauti. Jioni nzima. Anazungusha, anasikiliza, anatikisa kichwa. "Bado." Anazungusha tena. "Bado." Mkewe, Mama Saadia, akawaambia chai imepoa mara mbili. Halafu Mzee akanyanyua mkono wa kushoto, kiganja wazi.

"Hapo! Usiguse tena."

Ilikuwa sauti nzito kwa chini, na kwa juu ilikuwa na mchanga kidogo, kama mtu aliyeamka sasa hivi na hajanywa maji. Ilikuwa ile amplifaya iliyoungua. Phanice akaiweka chumba cha arobaini na tatu.

Mzee akamwambia, "Binti Bungoma, Leila wangu akiolewa, utapiga na hii." Leila ndiye kitindamimba wake. Phanice akaahidi. Nasema tena, wasikilizaji wapendwa: Phanice aliahidi.

Mwezi wa tatu Mzee Murjan akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala. Maneno yakakatika. Kilichobaki ni masikio yake na ule mkono wa kushoto. Nyumbani walielewana naye kwa mkono huo. Kidole kimoja juu, maana yake bado. Kiganja wazi, maana yake hapo, imetosha.

Harusi ya Leila ikapangwa Jumamosi moja ya mwezi wa tano. Mvua za El Nino zilikuwa bado hazijachoka na sisi. Siku chache kabla, kwaya ilitaka sauti mbili mpya, na Phanice akaona afute wapangaji wawili asiowapenda, wa arobaini na moja na wa arobaini na mbili. Jirani yake, Kalekye, alikuwa na mtoto mchanga amelala ukuta wa pili. Kwa hiyo Phanice hakuchomeka gitaa. Alifanya kazi kimyakimya, kwa namba.

Akafuta arobaini na moja. Akabonyeza hadi arobaini na mbili. Akafuta.

Kwenye ploti, mpangaji wa arobaini na moja akihama, chumba chake kinabaki na kufuli, na jirani anakaa pale pale. Phanice alidhani sanduku ni hivyo, kwa sababu siku zote alikuwa akifuta mmoja na kuweka mwingine mlango ule ule papo hapo. Sanduku si hivyo. Mmoja akitoka, wote waliomfuata wanasogea mlango mmoja. Alipomtoa wa arobaini na moja, wa arobaini na mbili alihamia arobaini na moja. Na sauti ya Mzee Murjan, iliyokuwa arobaini na tatu, ikahamia arobaini na mbili. Hapo ndipo mkono wa Phanice ulipoikuta.

Aligundua kesho yake. Mtoto wa Kalekye alikuwa macho, yeye akachomeka gitaa ajipime kwa ajili ya harusi. Arobaini na tatu. Ikatoka sauti nyembamba, kama mbu. Akadhani amekosea namba. Arobaini na nne. Arobaini na mbili. Akaanza mwanzo wa ploti, mlango kwa mlango, akipiga kila mahali nota zile zile. Alifika mwisho bila kuisikia.

Walubengo alimkuta ameketi kitandani, gitaa magotini.

"Nimemng'oa Mzee."

"Mzee gani?"

"Murjan. Nimemfuta."

"Si urudishe vifundo vilivyokuwa?"

"Ni yeye alizungusha, Baba Lavender. Mimi nilikuwa napiga. Sikutazama."

Mwanafunzi aliyesifiwa kwa kuutazama mkono. Siku hiyo moja hakuutazama.

Bwana Walubengo anasema mkewe hakula. Alizungusha vifundo hadi kidole gumba kikachubuka. Mara inakaribia, mara inapotea. Na wazo likamjia, akamwambia mumewe waziwazi: kwenye harusi ile mtu mmoja tu ndiye angejua. Na mtu huyo hawezi kusema.

Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kwamba lingewezekana.

Ijumaa akavaa gambuti, akabeba gitaa na sanduku ndani ya nailoni, akaenda Makina. Nyumba ilikuwa imejaa akina mama wanaochagua mchele. Mama Saadia akamtazama usoni.

"Nasambu, umefiwa?"

"Hapana, Mama Leila. Nimepoteza ile sauti ya Mzee."

Mama Saadia akaweka ungo chini. "Umepoteza? Sauti inapotelea wapi, sokoni?"

"Nimeifuta. Kwa mkono wangu."

"Basi mimi si wa kuambiwa. Mwenyewe yuko pale."

Mzee alikuwa ameegemezwa mito karibu na dirisha. Phanice akapiga magoti, akasema, "Mzee, mpangaji wako nimemfukuza. Sikukusudia." Mzee akamtazama muda mrefu. Mdomo ulikuwa umeenda upande, na Phanice hakuweza kusoma kama ni hasira au ni kicheko. Kisha mkono wa kushoto ukasogea. Kidole kimoja kikainuka.

Bado.

Phanice akachomeka gitaa. Akapiga, akazungusha, akamtazama. Bado. Akazungusha. Bado. Akina mama waliacha mchele, wakawa wanahesabu kwa vicheko. Halafu stima ikapotea, Makina yote, na haikurudi hadi asubuhi.

Jumamosi Phanice alipiga harusi akiwa na sauti isiyokamilika. Hema lilikuwa limefungwa juu ya tope, vigelegele vinapaa, Leila amekaa kama malkia. Mzee Murjan aliwekwa mbele kwenye kiti chenye mikono. Wimbo wa kwanza ukaisha. Phanice akatazama. Kidole kiko juu.

Akainama, akagusa kifundo. Wimbo wa pili. Kidole juu. Wageni walidhani Mzee anafurahia ngoma. Phanice alijua anaambiwa bado. Wimbo baada ya wimbo, anainama, anagusa, anapiga, anaogopa kutazama, anatazama. Mama Saadia akapita na sinia akamnong'oneza, "Usijali, mwanangu. Miaka thelathini nampikia, na mimi pia ni bado."

Ukafika wimbo wa mwisho, wa kumtoa bibi harusi. Mama Saadia akaja kuketi kando ya mumewe, akamshika mkono, akaufunika kwa mtandio wake. Phanice akapiga. Leila akatoka. Phanice akatazama.

Hakuna kidole. Hakuna kiganja. Mkono ulikuwa umefichwa, na Mzee amefumba macho.

Hakujua kama ameridhika au amechoka. Aliihifadhi sauti ile kama ilivyokuwa. Akaiweka chumba namba moja, kwa sababu wa namba moja hana mtu mbele yake. Hata wakihama wote, yeye hasogei.

Mwezi wa nane Mzee Murjan akafariki.

Tangu hapo, Phanice hakufuta sauti yoyote kabla ya kuipiga hodi. Alichomeka gitaa, akaipa nota tatu, akasikiliza aliye ndani, ndipo akaamua. Wanakwaya walichoka kumngoja. Alikutana na Mama Saadia mara nyingi pale Toi, wakaongea habari za watoto na bei ya nyanya. Lile swali hakuliuliza.

"Nilimwambia, muulize Mama Leila akumalizie hofu," anasema Bwana Walubengo. "Akaniambia, nikisikia Mzee alichoka tu, hiyo sauti nitaishika vipi tena?"

Mwezi uliopita, akiwa mgonjwa kitandani, alimwita Lavender. Akamwagiza afute vyumba vyote, awaachie vijana wa kwaya nafasi. "Piga hodi kwanza. Halafu namba moja usiguse. Huyo bado."

Jumapili iliyopita, wasikilizaji wapendwa, watu walikusanyika kwenye matanga huko Kawangware. Mama Saadia alikuja kutoka Makina, akishikwa mkono na Leila. Lavender akatoa sanduku, akapiga ile sauti ya chumba namba moja, kidogo tu, kwa heshima ya mamake. Mama Saadia akajishika kifua.

"Hiyo ni amplifaya ya mume wangu."

Lavender akasema, "Mama alikuwa anasema bado, Nyanya. Kwamba Mzee hakuwahi kuikubali."

"Nani hakuikubali? Siku ile ya harusi nilimshika mkono. Kidole kilikuwa kimekaza kama msumari. Wimbo wa mwisho ulipoanza, mkono ukafunguka. Wote. Ukafunguka ndani ya mkono wangu, chini ya mtandio." Mama Saadia akatazama waliokuwepo, mmoja baada ya mwingine. "Mimi nilijua Nasambu anajua. Si yeye ndiye alikuwa anapiga?"



Kwa Bwana Walubengo, kwa Lavender, kwa jamaa wote wa Kimilili, na kwa nyumba ya marehemu Mzee Murjan kule Makina, tunawapa pole. Mungu awape nguvu, na ailaze roho ya Phanice Nasambu mahali pema.

Nanyi mnaotusikiliza, tafakarini jambo moja. Huenda kuna mtu anayepita mlangoni kwako kila wiki akiuliza bei ya nyanya, na jibu lake unalo wewe, chini ya mtandio. Usidhani analijua. Mwambie akiwa anasikia.

Phanice, mkono ulifunguka. Nasema tena, kwa sababu hukuambiwa: mkono ulifunguka.