Asubuhi za Mama Alfajiri

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu katika idara ya tiba ya nyuklia, fundi wetu mkuu wa dawa za mionzi anavua koti jeupe na kwenda zake. Jina lake rasmi litasomwa na mkurugenzi wakati wa kumkabidhi cheti, lakini ukilitaja humu ndani watu watakuuliza ni nani huyo. Sisi tunamwita Mama Alfajiri. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, jamani, na uchangamfu ukigoma mahali mnivumilie.

Alipoajiriwa, idara ilikuwa chumba kimoja na nusu, na hiyo nusu ilikuwa stoo ya mafagio. Kamera ilikuwa moja, yenye tabia ya kuzima mara tu mgonjwa anapolala vizuri. Leo tuna kamera mbili, chumba cha sindano kinachoeleweka, na mafundi ambao karibu wote wamejifunza kazi wakiwa wamesimama nyuma ya bega lake la kushoto. La kulia hakutaka liguswe akiwa na sindano mkononi.

Wenzetu wa idara nyingine hudhani sisi tunakaa tu gizani kutazama mifupa ya watu, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Dawa tunayomchoma mgonjwa ili kamera ione kinachoendelea mwilini inaitwa teknetiamu. Hii si dawa ya kuweka kabatini. Kila baada ya saa sita nguvu yake inapungua nusu, kwa hiyo iliyoandaliwa asubuhi, jioni imeshachoka. Tunaipata kwenye mtungi uliozungushiwa madini ya risasi, ambao ndani yake kuna molibdeni inayogeuka polepole kuwa teknetiamu. Ukipitisha maji ya chumvi, yanatoka na dawa. Huko ndiko tunakoita kukamua, na mtungi wenyewe, bila shaka, ni ng'ombe. Ng'ombe huyu anakamuliwa kabla wagonjwa hawajafika, kabla ya madaktari, kabla hata mlinzi hajamaliza chai yake. Kwa miaka mingi mwenye kibali cha kukamua alikuwa mmoja tu, maana kibali cha pili kilikawia sana huko vinakotoka vibali. Basi kila siku ya kazi Mama Alfajiri alitoka kwake watu wamelala.

Wagonjwa walimpenda kupita kiasi, na sisi wengine tulikuwa tunaona wivu. Kuna dereva mmoja wa lori, pande la mtu, aliyegoma kuchomwa kwa kuogopa kwamba usiku atawaka na mkewe atamkimbia. Mama Alfajiri alimjibu bila kutabasamu kwamba akiwaka arudi haraka, hospitali itamwajiri awe taa ya korido, maana umeme wetu anaujua. Yule bwana alicheka mpaka mkono ukalegea, na sindano ikaingia bila yeye kujua.

Sasa nimefika pale ambapo ningependa niparuke. Lakini mwenyewe kaniambia niandike, tena nisipambe.

Mama Alfajiri ana binti mmoja. Kila binti huyo alipoamka, mama alikuwa ameshaondoka, na aliyemsuka, akamnywesha uji na kumvalisha sare alikuwa mama yake mdogo. Ikawa nyumbani mtoto ana majina yake: mama mdogo ni mama wa asubuhi, na aliyemzaa ni mama wa jioni. Siku binti alipoanza darasa la kwanza, mama wa jioni aliahidi kumpeleka yeye mwenyewe. Ruhusa akaomba, akapewa. Jioni ya kuamkia siku hiyo akaletwa mwalimu mmoja mahututi, na madaktari wa upasuaji wakataka kujua ni figo ipi bado inafanya kazi kabla hawajashika kisu. Bila dawa hakuna picha, na bila Mama Alfajiri hakuna dawa. Alfajiri akaja kukamua. Mtoto alimngoja kibarazani na viatu vipya, akikataa kushikwa mkono na mtu mwingine, mpaka akabebwa analia.

Mwalimu alipona, namshukuru Mungu. Mama Alfajiri anasema ingetokea tena angekuja tena. Ila anasema pia kwamba ile asubuhi anaitamani hadi leo, na akilisema hilo chai yake hupoa mezani.

Binti alipoolewa, alimshukuru mama mdogo kwa asubuhi na mama yake kwa jioni. Ukumbi mzima ulicheka. Mama Alfajiri naye alicheka, kisha akaenda kunawa mikono, akakaa huko muda mrefu. Tangu hapo wanapigiana simu vizuri tu: habari za huko, nzuri, mvua imenyesha, haya, baki salama. Tulipomuuliza akistaafu ataishi wapi, alisema hajui. Alikuwa anajua. Alitaka kwenda kwa binti, kwa sababu mjukuu naye anaanza shule, lakini hakuwa amealikwa. Angeombaje asubuhi za mjukuu wakati za binti zilimshinda?

Kwa upande wetu, ng'ombe atakamuliwa Jumatatu kama kawaida, na atakayekamua amefundishwa na yeye. Dawa itatoka safi. Lakini mimi nimezoea kuingia getini nikiona dirisha moja tu linawaka na kivuli chake kinapita, na moyo unatulia kwamba siku imepata mwenyewe. Sijui nitaangalia wapi. Tutamkumbuka huyu mama, acheni tu. Ametupa asubuhi zake zote, na shukrani tulizo nazo hazitoshi.

Wiki iliyopita simu yake iliita tukiwa mezani. Ni binti, na sauti yake tuliisikia sote. Alisema mtoto anahitaji wa kumpeleka shule, kama mama hatachoka na safari. Mama Alfajiri akajibu kwamba hata kesho anakuja. Tukadhani mazungumzo yameisha. Hayakuwa yameisha. Binti alikuwa anatafuta namna ya kusema kwamba ameomba ruhusa ya kuchelewa kazini siku hiyo, na kama hakuna ubaya angependa mama amshike yeye kwa mkono wa pili, kwa sababu na yeye bado hajapelekwa.

Mama yetu, tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku nyingi njema. Huku usiwe na wasiwasi. Wewe wahi, kapeleke watoto shule.