Dirisha la Kitambi

Ndugu, jamaa na majirani, aliyelala mbele yenu mlimjua kwa jina la Fundi, na wengi wenu mmevaa kazi ya mkono wake hata leo. Aliagiza mwenyewe kwamba wasifu wake uwe mfupi, usimsifu kwa uongo, na usomwe na binti yake mkubwa kwa sababu ndiye mwenye sauti. Binti huyo amejitahidi kutimiza masharti mawili ya mwisho.

Fundi alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mstari wa pili, chumba kilichopakana na ukuta wa stesheni ya mizigo. Alikuwa wa tatu kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa mchochea makaa kwenye injini ya mvuke iliyofanya kazi ya kupanga mabehewa, injini fupi, nyeusi, yenye tumbo kubwa, ambayo wafanyakazi waliipa jina la Kitambi. Kitambi hakuwahi kusafiri. Alivuta behewa hili huku, akasukuma lile kule, mpaka treni ndefu ikapangika, kisha injini kubwa za safari zikaja kuichukua na kupungiwa mikono na watu. Kila mchana mtoto Fundi alipeleka chakula cha baba yake, akasimama kwenye uzio mahali alipoambiwa asimame. Kwanza aliuona uso wa baba kwenye kidirisha cha mbele, umechungulia pembeni mwa tumbo la injini, ukimtafuta. Halafu baba alishuka kwa kikanyagio cha upande wa kushoto, akaketi hapohapo juu ya chuma, akala huku mtoto akimwambia habari za shule. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema pale.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa upande wa pili wa reli, akamaliza mwaka 1963. Alikuwa mzuri wa hesabu na mbaya wa kunyamaza. Mwalimu wake wa ushonaji aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu anabishana na kitambaa. Mwaka uliofuata injini za mvuke zilizimwa zote, Kitambi akaburutwa nyuma ya karakana, na baba akarudishwa nyumbani. Hakukaa sana. Alifariki mwaka 1966, na picha yake hata moja haikupatikana.

Wakati huo Fundi alikuwa tayari anajifunza kazi kwa mama mmoja mwenye cherehani nne, na mwaka 1971 akafungua chumba chake mwenyewe katika mtaa wa nyuma ya benki. Waliowahi kupimwa naye wanavikumbuka vile vidole viwili alivyopitisha chini ya tepu, kifuani na kiunoni, kabla hajasoma namba. Hiyo aliiita nafasi ya kupumua. Alisema mteja akisimama mbele ya fundi huwa amebana tumbo, lakini kwake atakula, atacheka, ataketi, na nguo lazima ilijue hilo. Wateja hakuwaambia. Waliondoka wakidhani wamepungua. Na nguo isiyomridhisha haikutoka mlangoni, hata mwenyewe alie. Kuna hakimu aliyewahi kukalishwa kwenye benchi akiwa na fulana, kesho yake ana sherehe, huku Fundi akifumua kola ya koti ambalo hakimu aliliona halina kasoro yoyote. Alipolalamika, akaambiwa kwamba yeye hajioni mgongoni.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na seremala mnayemwona kwenye kiti cha mbele. Seremala alikuja kupunguza suruali. Fundi akampima, akamwambia mguu wake mmoja ni mrefu kuliko mwenzake, habari ambayo hata mama yake mzazi hakuwahi kumpa. Wiki iliyofuata akarudi kupimwa tena, ati kuhakikisha. Akarudi tena. Safari iliyofuata alikuja na wazee wake kuposa, na mpaka leo familia haijaambiwa ni mguu upi. Walijaliwa mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo baadhi yenu mmekuwa mkilicheka kwa miaka, naye akijua mnalicheka. Mwaka 1998 daktari mmoja wa meno aliingia dukani na behewa dogo, saizi ya kipande cha sabuni, akaomba lishonewe mapazia. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha treni za mezani, watu wazima na ndevu zao wanaokutana Jumamosi kuendesha treni ndogo zilizotengenezwa kufanana na za kweli mpaka misumari. Fundi aliyashona mapazia kwa kibano cha nyusi. Akaenda kuyaona yakipita mezani, na hakurudi kuwa alivyokuwa. Seremala alijengewa hoja mpaka naye akajenga meza ya reli katika chumba cha nyuma, na chama kikahamia humo na viatu vyake vyote mlangoni.

Meza ilikuwa na stesheni, madaraja na injini za safari zinazong'aa. Kitambi hakuwepo, kwa sababu hapakuwa na kiwanda duniani kilichowahi kumtengeneza.

Kila mwaka chama kilipiga kura ya kuichagua injini moja ya mvuke ambayo wanachama wanatamani itengenezwe, kikakipelekea kiwanda cha ng'ambo jina lake. Wenzake walitamani injini za safari, za magurudumu makubwa, zilizopigwa picha za kalenda. Fundi alimtamani Kitambi. Mwaka baada ya mwaka mkono wake uliinuka peke yake, ukashuka, na yeye akaenda kuwapikia chai bila kununa. Walimtania kwamba anatamani injini ambayo haijawahi kufika popote. Hakuambilika. Katika mkutano wa mwaka 2016 aliomba kusema kabla ya kura.

"Kila Jumamosi mnapanga mabehewa yenu kwa vidole," aliwaambia. "Mnashika, mnanyanyua, mnaweka. Kuna aliyewahi kuona kidole stesheni? Hizo treni zenu nzuri, nani anazipanga?"

Walitazamana, wakatazama vidole vyao. Kitambi alishinda kwa kura mbili.

Kiwanda kilichukua miaka mitatu kukubali, kisha kikaomba michoro. Michoro haikuwepo, ilichomwa pamoja na makabati ya karakana. Basi, wakajibu, leteni vipimo. Fundi alijifunga kibwebwe, akachukua tepu yake ya shingoni na rula ya mumewe, akaenda nyuma ya karakana ambako Kitambi alisimama magugu yakimfika magotini. Mumewe alishika ngazi, binti yake mkubwa aliandika namba. Alimpima Kitambi kama bibi harusi, akimzungumzisha, akimwomba asimame wima.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2022 madaktari walimwambia kwamba saratani imefika kwenye ini na hakuna dawa ya kuirudisha. Aliitikia, akauliza kama ataendelea kushona. Wakamwambia kadiri atakavyoweza. Aliweza zaidi ya walivyodhani.

Boksi lilifika mwezi Aprili. Ndani yake ulikuwa mfano wa kwanza, na kiwanda kilisema chama kikiukubali, kazi ya kutengeneza mingine itaanza mara moja. Mwenyekiti aliuweka mezani na wanachama wakapiga makofi, mmoja akatoa leso. Hakika ulikuwa mzuri. Fundi aliuomba, akauinua mpaka usawa wa macho, akafumba jicho moja, akachungulia kutoka chumba cha dereva kuelekea mbele. Alikaa hivyo mpaka watu wakaacha kupiga makofi. Tumbo la mfano lilikuwa nene mno, limekiziba kile kidirisha.

"Baba hanioni," alisema.

Mwenyekiti alimweleza kwa upole kwamba kosa lenyewe ni upana wa ukucha, kwamba mfano ukirudishwa utapangwa mwisho wa foleni. "Na wewe, dada yangu," alisema, akashindwa kuendelea.

"Na mimi nitakuwa nimekufa," Fundi alimmalizia. "Sasa nife nikiacha injini kipofu? Urudi."

Wanachama walikasirika kwa niaba yake, wakaandika barua kali ya kukitukana kiwanda kwa adabu. Fundi akawaomba wasiitume mpaka apime tena. Mumewe na binti yake walimpeleka karakana, wakamkalisha kwenye kiti mbele ya Kitambi, kisha akasimama mwenyewe. Tepu moja haikulitosha tumbo lile, ilibidi lipimwe mara tatu kulizunguka, sehemu kwa sehemu. Binti aliyeshika ncha ya pili ndiye aliyeona.

"Mama, toa vidole."

"Vidole gani?"

Akatazama mkono wake. Vile vidole viwili vilikuwa chini ya tepu, vimetulia mahali pake pa siku zote. Kila sehemu aliyopima alikuwa ameiongezea nafasi ya kupumua. Fundi alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, akaketi, akacheka tena, akalipiga tumbo la chuma kwa kiganja. Kitambi alikuwa amezimwa karibu miaka sitini, na bado alishonewa pumzi.

Jumamosi hiyo alisimama mbele ya chama kizima, ameegemea meza. Angeweza kunyamaza, barua ikaenda na lawama zikaenda nayo, na hakuna ambaye angejua. "Barua ichaneni," alisema. "Kiwanda kimeshona nilichopima mimi. Vipimo sahihi hivi hapa." Kisha akatoa agizo la mwisho, kwamba mfano wa pili usifunguliwe na mwanachama yeyote, kwa sababu wao wataukubali hata ukija na mapembe. Ufunguliwe na binti yake.

Miezi iliyofuata hakutoka tena kitandani isipokuwa kuletwa chumba cha nyuma, akaketi kati ya cherehani na meza ya reli, akitoa amri pande zote mbili. Maumivu yalikuwa makali, na hatutayapamba. Fundi alifariki nyumbani tarehe 3 Oktoba 2022, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Kabla ya hapo aliuliza kama boksi limefika. Akaambiwa bado. "Basi wasiharakishe," akasema, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ya kueleweka.

Boksi lilifika juzi alasiri, nyumba ikiwa imejaa watu wa msiba. Mwenyekiti alilileta mikononi, halijafunguliwa, akampa binti mbele ya wanachama waliokuwa wamekaa sebuleni na nguo zao nyeusi. Binti aliufungua mfano, akauinua, akafumba jicho moja kama alivyoelekezwa. Tumbo lilikuwa sawasawa. Kidirisha kilikuwa wazi, na kupitia humo aliiona cherehani ya mama yake na kiti chake mbele ya dirisha la chumba. Alilia, hilo halifichiki. Mwenyekiti akauliza kama sasa anaweza kukiambia kiwanda ndiyo.

Binti akaugeuza mfano upande wa kushoto. Kikanyagio hakikuwepo. Kwenye mfano wa kwanza kilikuwepo, na kwenye vipimo kimo, na hapa pamekuwa laini tupu. Akasikia mtu akisema kwa sauti ya chini kwamba jamani, ni kitu kidogo, na mazishi ni keshokutwa.

"Babu atashukia wapi?" binti akauliza.

Baba yake, ambaye hakuwa amezungumza tangu Jumatatu, aliinuka, akaenda chumba cha nyuma, akarudi na kamba na mkasi. Akalifunga boksi yeye mwenyewe, mafundo mawili kila upande, akampa mwenyekiti. "Urudi," akasema.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu sita, dada mmoja, chama kimoja kilichovaa nyeusi, cherehani mbili zinazofanya kazi, na Kitambi, ambaye bado amesimama nyuma ya karakana akisubiri.

Lala salama, Fundi. Boksi likija tena tutaanzia dirishani, tumalizie kwenye kikanyagio.