Avelina na Maji Yaliyokuwa Hayajarudi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Avelina Theodory wa Izia, hapa Sumbawanga. Avelina alikuwa mtaalamu wa maji. Alifariki Machi mwaka huu kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka arobaini na sita.

Avelina alipima maji yasiyoonekana, yaliyo chini ya ardhi. Ziko setilaiti mbili angani, moja mbele, moja nyuma. Ardhi yenye maji mengi ina uzito zaidi, na uzito huo huzivuta, ya mbele kwanza, kisha ya nyuma. Umbali kati yake hubadilika kidogo mno, pungufu ya unene wa unywele. Hapo wataalamu hujua kama maji ya ukanda mzima yameongezeka au yamepungua. Ukanda mzima, wasikilizaji, si kisima kimoja. Ndiyo maana Avelina alizunguka Ufipa kwa pikipiki miaka kumi na moja, akishusha kamba ya kupimia kisima baada ya kisima.

Mwaka mmoja mvua zilirudi baada ya ukame. Ulezi ukastawi, watu wakafurahi. Avelina akasimama kwenye mkutano wa kijiji alikozaliwa, akasema maji ya chini bado hayajarudi. Akaomba pampu za kumwagilia zisubiri. Pampu ya kwanza kuambiwa isubiri ilikuwa ya mdogo wake Victor, mkulima wa vitunguu na mahindi.

"Dada, mvua si umeiona mwenyewe?" Victor alimuuliza mbele ya watu.

"Nimeiona, mdogo wangu. Lakini ardhi ina kiu ya miaka mitatu. Masika moja haitoshi."

Kijiji kikamsikiliza Avelina. Victor akakata mguu kwa dada yake kule Izia. Miaka miwili hakumjulia hali dada yake.

Mama yao, Mama Rhoda, anasimulia: "Kila Jumapili aliniuliza, 'Mama, Victor kasemaje?' Namwambia, hajasema kitu. Basi anainuka, anaosha vyombo."

Kisha ukaja msimu huu uliopita. Mvua ilichelewa hadi Januari. Watu wa vijiji jirani walihangaika mabondeni na ndoo. Kisima cha kijiji chao hakikukauka. Victor aliteka maji pale kila asubuhi, na kila asubuhi moyo ulimsuta. Akajiambia, nikishavuna nitampelekea dada gunia la mahindi, tuzungumze. Mavuno ni Juni. Avelina alifariki Machi.

Sasa Victor ndiye anayepima kile kisima na kutuma vipimo ofisini alikofanya kazi dada yake. "Maji yakipanda hata kidogo, nashika simu nimpigie," anasema. "Namba yake bado ninayo. Natamani aniambie tu, 'Subiri kwanza.'"

Mama Rhoda, shikamoo, na pole sana. Victor, pole ndugu yetu. Mwenyezi Mungu ampumzishe Avelina kwa amani.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tutafakari. Kama yupo uliyeacha kuzungumza naye kwa sababu alikwambia kweli, na bado yu hai, mwendee leo.