Shingo ya Mume Wangu

Nawasalimu katika jina la Bwana aliye hai, ndugu zangu wa Kabambare. Nimesimama kusema habari ya wivu wangu, na nitaisema yote, maana Faida ameketi pale mbele na anaijua.

Miaka ile tulilima pamba ya lazima ya serikali kule Wamaza. Shamba letu lilipakana na la Faida, mjane. Mwanamke mzuri, sikatai. Hofu ya kunyang'anywa mume ikaniingia. Nilijua Faida ana vikwembe vitatu, nilijua siku anayofunga kile chekundu na mara ngapi amecheka. Mume wangu Petro akisinzia mchana katikati ya pamba, nilijiuliza amechoshwa na nini. Akiacha chakula, amekula wapi? Akinijibu polepole, basi anamwaza yule. Kila nilichokiona nilikihusisha na Faida.

Kisha kapita, msimamizi wa kijiji, akatangaza kwamba waganga wa serikali wanakuja kupima watu wote malale, ugonjwa wa usingizi. Tungepangwa mstari mmoja, na Faida angesimama humo. Siku ya kupimwa nikamwambia Petro ajifiche kwenye kibanda cha shamba, nikamdanganya kapita kwamba amekwenda Lusangi. Petro hakubisha. Petro, mtu wa kubishana hata na mvua! Nalo hilo sikuliona.

Kesho yake asubuhi, Petro amesharudi nyumbani, Faida akaja kwangu. Nilikuwa tayari kumtukana.

"Mama Sofia," akasema, "bwana yako hakupimwa. Kaka yangu alianza vile vile, kulala-lala muchana. Umeshika shingo yake?"

"Na wewe uliiona wapi, shingo ya bwana yangu?"

"Niliona ya kaka yangu. Ilikuwa na vinundu. Tukamuzika."

Nikaingia ndani, nikapapasa shingo ya Petro kwa nyuma. Vinundu vilikuwepo, vigumu kama maharagwe. Ndugu zangu, mimi niliyekagua hata nguo za jirani sikuwa nimemgusa mume wangu shingoni. Nikapiga magoti papo hapo. Nikasema, Bwana, nimemficha asipone. Nisamehe, mwache aishi, hata kama ataishi akimtazama Faida.

Tukambeba mabegani kwa tipoyi, kile kiti cha miti, hadi hospitali, Faida ametangulia na mzigo wetu kichwani. Petro alichomwa sindano miezi mingi, na Mungu akasikia.

Siku moja Petro akaketi kitandani, akala sombe, majani ya muhogo, aliyopika Faida, akasema ni tamu kuliko yangu. Wivu ukanipanda. Nikatoka nje nikalia, nikimshukuru Mungu kwamba ningali na mume wa kunitia wivu.

Wewe unayemchunguza mtu hapa kanisani, mkabidhi Bwana hofu yako leo. Yeye hakunisubiri nitulie ndipo anisaidie. Alimtuma mlangoni kwangu mtu yule yule niliyemchukia.