Kifuniko Alichokiacha Everdina Rensink

Marehemu Everdina Geziena Rensink alizaliwa tarehe 10 Machi 1938 katika shamba la wazazi wake huko De Heurne, nje kidogo ya Aalten, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Gerrit Heusinkveld na mkewe Hanna. Alizaliwa saa sita kamili mchana, viazi vikiwa vimeshawekwa mezani, na baba yake alisema mpaka uzeeni kwamba huyo ndiye mtoto pekee aliyewahi kumpozea chakula. Wasifu huu umeandikwa na bintiye, Willemien, kwa siku tatu, kwenye meza ya jikoni ya marehemu mwenyewe. Willemien amechoka. Atakapojikwaa, ndugu na majirani wamsamehe.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1944, akakatizwa na vita, akamaliza mwaka 1950. Hesabu zilimshinda, na hakuwahi kuficha jambo hilo. Kisha alipelekwa miaka miwili katika shule ya mambo ya nyumbani, na huko ndiko alikofundishwa na Bi Obbink ule mchuzi wa nyama ya ng'ombe ambao nusu ya waliopo hapa wameula. Nyama ya bega na vitunguu vilikuwa sawa kwa uzito. Zilifuata siagi, siki, karafuu tatu na jani moja kavu la kunukia, na mwishoni kipande cha mkate wa viungo kilichopakwa haradali, kiyeyuke humo ndani mpaka mchuzi uwe mzito na mweusi. Vyote hivyo viliwekwa juu ya jiko la mafuta ya taa, moto mdogo wa bluu, tangu asubuhi hadi mchana. Bi Obbink alikuwa na neno lake: "Nyama iliyo motoni ni mgonjwa. Usipoitazama, itakufia." Everdina alilishika neno hilo miaka sabini. Kila nusu saa alifunua kifuniko, akachota kwa kijiko cha chai, akaonja, akaongeza maji kidogo, akafunika. Katika maisha yake yote hakuunguza sufuria hata moja, na hilo alilitaja mara nyingi kuliko tarehe ya ndoa yake.

Kuanzia mwaka 1953 alifanya kazi katika kiwanda cha kufuma nguo mjini Aalten, upande wa mashine za kuzungushia uzi. Aliachishwa kazi siku alipoolewa, kama wanawake wote wa wakati ule. Ndoa ilifungwa tarehe 12 Mei 1961 katika kanisa hili hili, na bwana arusi alikuwa Derk Jan Rensink, mkulima mwenye ng'ombe kumi na mmoja na maneno machache. Inasemekana posa yenyewe ilifanyika mezani. Derk Jan alimaliza sahani ya pili ya mchuzi, akafuta mdomo, akasema, "Mimi hiki naweza kukila kila Jumamosi." Everdina akamjibu, "Basi itabidi uhamie." Walijaliwa watoto wawili, Willemien na Arend. Waliishi pamoja miaka arobaini na minane, mpaka Mungu alipomtwaa Derk Jan mwaka 2009. Jumamosi iliyofuata maziko yake jiko liliwashwa kama kawaida, na watu waliona sahani mbili zimeandaliwa.

Marehemu alianza kuugua mwaka 2021. Moyo ulichoka, miguu ikavimba, na baadaye kumbukumbu nayo ikaanza kutoboka hapa na pale. Alikuwa na ombi moja tu, akalitoa mapema akili ikiwa timamu: afie nyumbani kwake. Willemien alimwahidi. Watu husema ahadi ni deni, lakini hawakwambii deni lenyewe linalipwa saa kumi na nusu alfajiri, kwa baiskeli, kabla hujaenda kwenye zamu ya kufua mashuka ya watu wengine.

Mwezi Februari mwaka huu alisahau jiko la mafuta likiwaka karibu na dirisha, na pazia likashika moto. Jirani yake wa kwanza, yule ambaye desturi yetu humtaka afike kabla ya wengine, Hendrik Lammers, alilivuta pazia kwa mkono na kulikanyaga nje kwenye theluji. Muuguzi aliyekuwa akimtembelea nyumbani, dada Loes, hakuzunguka: ama jiko litoke, ama mama aende kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Willemien alimpigia simu Arend huko Zwolle.

"Dada, unajiua bure," Arend alisema. "Mpeleke. Kule kuna wenzake, watacheza karata."

"Hajawahi kucheza karata maisha yake."

"Basi atajifunza."

"Njoo umwambie wewe, kwa mdomo wako."

Arend yupo hapa leo, mstari wa mbele, na ameruhusu haya yaandikwe.

Jiko likahamishiwa kwenye zizi tupu la ng'ombe. Mahali pake Willemien alileta chungu cha umeme, kile cha kupika polepole, chenye kifuniko cha kioo na kitufe kimoja. Hakina moto wala mafuta, na kikisahauliwa hakichomi nyumba. Marehemu alikizunguka kwa fimbo yake kama mtu anayekagua ndama wa mnadani.

"Kinafanya nini sasa?"

"Kinapika, Mama."

"Mbona kimekaa tu? Hakichemki, hakinung'uniki. Hili livivu." Na tangu siku hiyo jina lake likawa Mvivu.

Shida ni kwamba Mvivu ana tabia yake. Joto lake ni dogo na mvuke wake hautoki. Ukimfunua, joto lote alilokusanya kwa nusu saa linaruka, na inabidi aanze upya. Willemien alilieleza jambo hili kwa utaratibu, kisha bila utaratibu. Lakini mtu aliyetazama nyama kila nusu saa kwa miaka sabini humwambii aache ukadhani umesema neno dogo. Kila Jumamosi Willemien aliporudi kutoka kazini alikuta matone juu ya meza, kijiko cha chai kimelowa, na ndani ya chungu maji ya kijivu yenye vipande vya nyama vigumu kama soli ya kiatu. Marehemu alitafuna, akatema kwa adabu pembeni ya sahani, akasema, "Mvivu huyo. Nilikwambia."

"Si yeye, Mama, ni wewe! Umefunua mara ngapi?"

"Mara moja."

"Kijiko kimelowa chote."

"Basi mara mbili. Nilitaka kujua hali yake."

Hivi vilikuwa vichekesho mwezi Machi. Kufikia Oktoba havikuchekesha tena. Nyama ya Jumamosi ndiyo iliyokuwa chakula pekee alichokitamani. Vingine alivisukuma, na hiyo nayo ilikuwa hailiki. Alipungua mpaka pete ya ndoa ikabidi ifungwe uzi. Dada Loes alimpima, akaandika, akamwita Willemien ukumbini. "Akishuka uzito tena Jumatatu ya tarehe 13 Novemba, siwezi kuendelea kuandika kwamba yuko salama hapa. Samahani, mama. Na wewe mwenyewe umejiangalia kwenye kioo?" Willemien hakuwa amejiangalia.

Ijumaa jioni, tarehe 10 Novemba, Willemien alimvua mama yake soksi, akaona miguu ile, akalipuka. Maneno aliyoyasema anayaandika hapa kwa sababu yamemkaa kooni na hajui pengine pa kuyaweka.

"Mama, kesho ukigusa kile kifuniko, mimi basi. Jumatatu nampigia Loes namwambia njooni mumchukue. Umenisikia? Nimechoka. Nimechoka na wewe."

Marehemu akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Sitagusa."

"Unasema hivyo kila wiki."

"Kila wiki ulikuwa hujachoka hivi."

Jumamosi, tarehe 11 Novemba, saa kumi na moja alfajiri, Willemien alipanga nyama na vitunguu chunguni, akatia maji kidogo kuliko mama yake alivyopenda, akapaka haradali kwenye mkate, akafunika, akageuza kitufe. Marehemu alikwishaamka. Alikaa kwenye kiti chake karibu na meza ya jikoni, amevaa sweta ya marehemu mumewe, gazeti la wiki mapajani na penseli ya kujazia fumbo la maneno. Waliagana kwa maneno machache, kwa kuwa la jana lilikuwa bado limesimama kati yao. Willemien hakumbusu. Alikuwa amechelewa, na pia alikuwa amekasirika.

Alirudi saa tano na dakika tano. Mlangoni alikutana na harufu, na ile harufu ikamsimamisha, kwa maana hakuwa ameinusa tangu jiko la mafuta lilipotoka: siki iliyokwisha ukali wake, karafuu, kitunguu kilichoyeyuka. Meza ilikuwa kavu. Kijiko cha chai kilikuwa kando ya chungu, kikavu, kinang'aa. Kioo cha kifuniko kilikuwa kimejaa matone ndani, hakuna hata tone moja lililochirizika. Willemien alipoona hivyo alijua, kabla hajageuka kukitazama kiti.

Daktari alisema kifo kilitokea kati ya saa nne na saa tano, na kwamba moyo ulisimama tu, bila vurugu. Willemien alimsikiliza lakini hakumwamini mtu yeyote saa ile. Alikuwa na hesabu yake moja inayomsaga: kama mama alikufa mara tu baada ya yeye kutoka, basi kifuniko hakikuguswa kwa sababu hapakuwa na wa kukigusa, na neno la mwisho kati yao lilikuwa lile la Ijumaa. Jirani Gerda Lammers, mkewe Hendrik, alipokuja kutimiza wajibu wa jirani wa kwanza, kumwosha marehemu na kumvisha, ndiye aliyeliinua gazeti kutoka mapajani.

"Willemien. Njoo usome."

Pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, palikuwa pameandikwa: Saa 12, sijagusa. Saa 1, sijagusa. Saa 2, sijagusa, kinanukia. Saa 3, sijagusa, ni vigumu. Saa 4, sijagusa. Baada ya hapo ukurasa ulikuwa mweupe.

Willemien alikaa sakafuni akalia kama mtoto, na haoni aibu kulisema hapa. Kwa muda wa saa tano nzima mama yake alikaa hatua moja kutoka kwenye chungu, na moyo ule mbovu, na mikono iliyozoea, akapambana na desturi ya maisha yake yote kwa sababu binti yake alisema amechoka. Hajawahi kupewa kitu kikubwa kuliko hicho, na hakuwa na mtu wa kumshukuru.

Hendrik alisimama jikoni, kofia mkononi. "Nikizime?" aliuliza.

Willemien alitazama saa ya ukutani. "Bado dakika kumi. Haijafika saa sita."

Basi wakakaa watatu mezani, marehemu akiwa ameshalazwa chumba cha pili, mlango wazi, na hakuna aliyenyoosha mkono. Ilipogonga saa sita, Willemien alifunua. Nyama ilikuwa laini kiasi kwamba uma ulikuwa hauna kazi, na mchuzi mweusi, mzito, wa Bi Obbink hasa. Walikula bila viazi, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka viazi. Gerda alisema, "Mvivu ameweza." Walicheka kidogo, kisha wakaongeza sahani. Arend alipofika alasiri alikuta amewekewa ya kwake. Aliila amesimama, kisha akaosha sahani mwenyewe.

Marehemu ameacha watoto wawili, Willemien, na Arend na mkewe Jolanda. Wajukuu wanne, Bram, Lieke, Marit na Stijn. Kitukuu mmoja, Fenna, ambaye bado hana meno ya kulia nyama. Dada yake Dina, aliyeletwa leo kutoka Winterswijk kwa kiti cha magurudumu. Na majirani, wakiongozwa na Hendrik na Gerda Lammers, ambao sita kati yao wamebeba jeneza mabegani kama ilivyo desturi yetu. Familia inamshukuru dada Loes, ambaye alikuja Jumatatu ya tarehe 13 na mizani yake, akakumbuka mlangoni kwamba hakuna tena wa kupimwa, akaingia hivyo hivyo kunywa kahawa.

Baada ya maziko ya leo, Alhamisi tarehe 16 Novemba 2023, wote wanakaribishwa ukumbini kwa kahawa na kipande cha keki. Jiko la mafuta bado liko zizini na halitawashwa tena. Chungu cha umeme Willemien ataondoka nacho, pamoja na ukurasa ule wa gazeti. Kwanza lakini atalala.

Mama naye alale kwa amani, na mtu yeyote asimfunue kabla ya saa yake.