Faili la Bibi Lilivyomfikisha Kifungu Bungeni

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya kaka yetu, tuliyemwita Kifungu kwa sababu hata akiagiza chai alitaja kifungu cha sheria.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1952 ng'ambo ya mpaka, kifungua mimba wa fundi cherehani, akavuka mwaka 1961 pamoja na wazazi na bibi yetu, akahitimu sheria mwaka 1977, akafungua ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vioo, akitetea wahamiaji kwa miaka kumi na tano. Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpima ardhi, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 20 Agosti 1992 alikwenda kurudisha fomu za ubunge, mpinzani wake akaweka pingamizi kwamba si raia, msimamizi wa uchaguzi akampa hadi saa kumi jioni alete uthibitisho, na masijala ya uhamiaji ikajibu kuwa hakuna faili lenye jina lake. Mimi niliyemsindikiza niligeuka kuondoka, yeye akacheka, kwani alijua makarani walizoea kuitia familia nzima katika faili la aliye mkubwa zaidi kwa umri, akaomba la bibi. Karani akasema, "Mzee, huyu alishafariki, faili limefungwa," naye akamjibu, "Basi lifungue, mwanangu, sisi wengine bado tunapumua." Cheti chake cha uraia kilikuwa humo, kimebanwa na picha ya bibi amenuna, tukashuka ghorofa nne mbio, karani akitufuata huku anahema, maana faili haliruhusiwi kutembea peke yake, tukaingia kwa msimamizi wa uchaguzi saa kumi kasoro dakika tatu, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Alishinda kwa kura 611, akatumikia vipindi vitatu, na muswada wake wa kwanza, uliompa kila mhamiaji faili lake, ulipita baada ya kupotea mara mbili tu katika ofisi za bunge.

Aliugua figo tangu Januari 2021, akatutoka tarehe 3 Juni 2023, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba. Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, mawakili wenzake, na karani yule, sasa mstaafu, aliyeketi pale mbele na pumzi zimeshamrudia.

Kaka, unalala katika nchi yako, na leo hakuna aliyeweka pingamizi, pumzika kwa amani.