Visahani Vitatu vya Mama

Ndugu, jamaa na marafiki, kwa niaba ya familia nasimama kuwasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kama Bi Subiri.

Mama alizaliwa tarehe 3 Machi 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, akiwa kitinda mimba wa watoto sita, akasoma shule ya msingi mwaka 1971 hadi 1977, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1986 akahitimu stashahada ya ufundi wa maabara.

Tarehe 12 Januari 1987 aliajiriwa katika maabara ya chuo kikuu, ambako kwa miaka thelathini na sita alichunguza seli za tezi iliyo juu ya figo, ile inayomwaga adrenalini mtu akishtuka, akizipa nikotini kidogo na kupima zinavyoitika, kisha zinavyochoka na kunyamaza, kwa kuwa alitaka kujua kama vipokezi vya aina mbili, yaani vile vijilango ambavyo seli hupokelea ishara, vikikaa jirani kwenye seli moja, huharakisha uchovu huo au huuchelewesha. Wanafunzi wenye pupa aliwaambia wasubiri seli zioshwe na kupumzika, kwani hata binti yake akiitwa mfululizo aje aoshe vyombo huwa kiziwi, na hilo, nakiri, ni kweli.

Tarehe 7 Septemba 1991 alifunga ndoa na baba, fundi aliyekuja kutengeneza friji ya maabara, akarudi mara nne ingawa ilishapona, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu na mimi.

Mwezi Mei 2023 aligundulika kuwa na saratani ya figo, na tarehe 19 Juni figo hiyo ilitolewa pamoja na tezi yake, ambayo haikuwa na ugonjwa, naye alikuwa ameshatia saini kwamba iende kwa wenzake maabara. Tarehe 27 Juni, saa kumi na dakika ishirini alasiri, bonge la damu iliyoganda lilifika mapafuni, akatutoka.

Seli za tezi yake hazikujua. Zingali hai katika visahani vitatu, ndani ya kabati lenye joto la mwili, na wenzake hawakutaka kuzigusa bila kutuuliza, maana hizi zikishatolewa kupimwa hazitaishi tena. Baba na kaka waliniachia mimi uamuzi, nami kwa siku mbili nimeshindwa, nikienda kusimama mbele ya kabati hilo, nikitamani kitu chake kimoja kiendelee kuwa na joto, ingawa nimeambiwa hazitavuka wiki ijayo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, majirani waliotupikia na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake, ambao nawajibu hapa mbele yenu nyote: pimeni kesho asubuhi, vyote vitatu, lakini mniruhusu nivishike kwanza, vikiwa bado na joto.

Pumzika kwa amani, Mama.